Mbio za mwanamke mnene: jinsi ya kuanza bila kuchubuka wala kukata tamaa

Mara ya kwanza nilipotoka kukimbia nilichomoka kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Dakika moja na nusu baadaye nilikuwa nimeinama, mikono magotini, nahema, matiti yanauma kwa kurukaruka na mapaja yanawaka moto. Nikarudi nyumbani nikiamini mwili wangu haukuumbiwa mbio.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile si uzito ulionishinda. Vilinishinda vitu vitatu: kasi, sidiria ya kawaida na suruali ya pamba. Siku nilipokuja kumaliza kilomita 5 bila kusimama, uzito ulikuwa uleule kasoro kilo mbili hivi. Vilivyobadilika ni hivyo vitatu, na ndivyo nitakavyovizungumzia zaidi hapa.

Nasema "mnene" kwa sababu ni neno la kawaida linaloeleza mwili, kama mrefu au mfupi. Anayependa kujiita bonge ajiite, ni lake. Ninayemwandikia ni yule dada ambaye akienda kutafuta nguo za mazoezi anaambiwa saizi yake imekwisha, wakati haikuwahi kuletwa.

Kwanza, pima

Unene peke yake si ugonjwa, lakini kama una presha, kisukari, tatizo la moyo, ujauzito au viungo vilivyowahi kuumia, zungumza na daktari kabla ya kuanza. Nenda na swali lililonyooka: "Nataka kutembea na kukimbia kwa zamu, nusu saa, mara tatu kwa wiki. Kuna kitu katika hali yangu au dawa zangu kinachonizuia?" Swali hilo lina maana. Anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani, na baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi inayopima mapigo itakudanganya kwamba hujajituma.

Ukijibiwa "punguza mwili kwanza, halafu ndiyo ukimbie", uliza kwa upole ni nini hasa kitakachodhurika. Huenda ipo sababu ya kweli. Huenda pia haipo.

Kama umejifungua karibuni, wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wanashauri usikimbie kabla ya wiki 12, hata kama unajisikia mzima kabisa. Tembea. Kutembea kunatosha kwa kipindi hicho.

Sidiria kabla ya raba

Watu wengi hununua raba kwanza. Mimi nasema, mwenye matiti makubwa aanze na sidiria, kwa sababu raba mbovu utaivumilia wiki mbili lakini sidiria mbovu haikufikishi hata mwisho wa mtaa.

Sidiria ya michezo ni kitu cha juzi tu. Ilibuniwa mwaka 1977 huko Vermont, Marekani, na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller. Ya kwanza kabisa waliishona kwa kuunganisha nguo mbili za ndani za kiume, zile za wanamichezo za kushikilia sehemu za siri. Kabla ya hapo wanawake walikimbia na walichokuwa nacho.

Ukikimbia, titi haliruki juu na chini tu. Linaenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma, mfano wa namba nane. Kwa hiyo sidiria inayokandamiza yote mawili kuwa kifungu kimoja inamfaa mwenye matiti madogo, lakini kwetu inafaa zaidi yenye vikombe viwili vilivyotengana, kila titi na nyumba yake. Ukiwa unajaribisha, angalia hivi:

- Mkanda wa chini, unaozunguka mbavu, ndio unaobeba kazi kubwa. Ukae sawa mbele na mgongoni, na vidole viwili tu viweze kupita chini yake. Ukipanda juu mgongoni ukiinua mikono, ni mkubwa.
- Mikanda ya mabegani iwe mipana. Ikiacha mifereji begani, mkanda wa chini haufanyi kazi yake.
- Titi lote liwe ndani. Nyama ikimwagika juu au kwapani, kikombe ni kidogo.
- Rukaruka mara kumi palepale kwenye chumba cha kujaribishia. Usione haya. Ukijikuta umeshika matiti kwa mikono, irudishe.

Usipopata inayokutosha, vaa mbili: ya kwanza yenye vikombe, juu yake ya kukandamiza. Hakikisha tu unapumua hadi mwisho. Na chunguza inavyovuliwa. Nimewahi kukwama bafuni, nimelowa jasho, sidiria imenasa kichwani na mikono yote miwili hewani, nikaita msaada kama mtoto. Tangu siku hiyo nanunua za kufungulia mbele au nyuma, basi.

Ifue kwa maji ya baridi bila kilainishi cha nguo, maana kilainishi na joto huua mpira. Mkanda ukishalegea, hata kama kitambaa bado kinang'aa, hiyo imegeuka sidiria ya kulalia.

Mapaja, na kila mahali ngozi inapokutana na ngozi

Hili halisemwi na wenye miili midogo kwa sababu hawalijui. Mapaja yakisuguana katika jasho, chumvi ya jasho inakauka na kuwa kama msasa. Ukiwa njiani unaweza usihisi ukali wake wote. Unauhisi pale maji ya bafuni yanapogusa ndani ya paja, unashika ukuta, unasema maneno ambayo mama mkwe hapaswi kuyasikia.

Dawa ni vitu viwili, kitambaa na mafuta. Kitambaa kisiwe pamba, kwa sababu pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Tafuta suruali ya kubana ya kitambaa cha michezo inayofika angalau juu kidogo ya goti. Kaptura fupi zitapanda zote na kujikunja kwenye maungio ya paja. Kiuno kiwe cha juu, kipite kitovu, na ikiwezekana kiwe na kamba ya kufunga, la sivyo tumbo litakisukuma chini na utakimbia huku unapandisha suruali kila hatua ishirini. Ukipenda kuvaa sketi, gauni pana au kanga juu yake, vaa. Mbio hazina sare.

Kisha mafuta ya mgando. Paka kabla, si baada, na usipake kwa ubahili: ndani ya mapaja, chini ya mstari wa sidiria, kwapani, chini ya mkunjo wa tumbo, na ndiyo, katikati ya makalio. Kama umechubuka tayari, osha kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, paka tena, lala na nguo pana. Kesho pumzika.

Ukimaliza kukimbia usikae na nguo mbichi. Inua titi, inua tumbo, kausha kila mkunjo. Pakiwa pekundu kwa siku kadhaa, panawasha au panatoa harufu, huenda ni fangasi, na dawa yake ipo. Muone mhudumu wa afya badala ya kuongeza poda.

Raba

Hapa sitakaa sana. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Kati ya kidole kirefu zaidi na ncha ya raba kuwe na nafasi ya upana wa dole gumba. Mwenye mguu mpana aombe raba pana, asichukue ndefu zaidi ili apate upana. Wazalishaji husema raba hudumu kilomita 500 hadi 800, nawe hesabu ile ya chini, kwa kuwa mwili mzito humaliza soli mapema. Bei kubwa haimaanishi mguu wako utaipenda.

Mwendo: polepole kuliko unavyoona aibu

Hapa ndipo wengi wetu tunapofia. Tunaona mwenye mwili mwembamba akipita, tunadhani ile ndiyo kasi ya kukimbia. Kila mguu unapotua katika mbio, ardhi inakurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mwenye kilo 100 anapokea kati ya kilo 200 na 300 kila hatua. Mifupa na kano zinaweza kuzoea hilo, ila zinataka muda. Moyo na mapafu huimarika ndani ya wiki chache, kano zinataka miezi. Ndiyo maana wiki ya nne au ya tano ni ya hatari: pumzi imekuja, unajiona shujaa, unaongeza, na ugoko unaanza kulia.

Ratiba ninayowapa wenzangu ni hii, siku tatu kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika katikati.

Wiki tatu za mwanzo ni kutembea tu, dakika 30, kwa haraka kiasi cha kutoa jasho jepesi. Usiruke hatua hii kwa sababu "kutembea najua". Unafundisha nyayo.

Wiki ya nne: tembea dakika 5 kupasha mwili joto. Kisha kimbia sekunde 30, tembea dakika 2, rudia mara nane. Malizia kwa kutembea dakika 5.

Wiki ya tano na ya sita: sekunde 60 za kukimbia, sekunde 90 za kutembea, mara nane.

Kuna ratiba maarufu ya wiki 9 ya kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita 5, iliyotungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996. Hizo sekunde 60 kwa 90 ndizo inazoanza nazo wiki ya kwanza. Ni ratiba nzuri, na baada ya wiki ya sita yangu unaweza kuingia humo. Ila wiki 9 si sheria. Mimi niliichukua kwa wiki 17, nyingine nilizirudia mara tatu, na hakuna aliyekuja kunidai.

Baada ya hapo unaongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo, ukipunguza wa kutembea. Au usipunguze kabisa. Jeff Galloway, aliyekimbia katika Olimpiki ya 1972, amefundisha watu kwa miongo mingi kukimbia marathoni, mbio za kilomita 42, kwa kuchanganya na kutembea. Anayekuambia ukitembea hujakimbia, mwache apite.

Kasi utaijuaje? Kwa mdomo. Kama unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima, mfano "jana yule fundi hakuja tena na simu kazima", upo sawa. Kama unatoa neno moja moja, punguza. Ukipunguza hadi anayetembea haraka akakupita, bado upo sawa. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili wako, si mbele yako kama unayeruka mtaro. Mabega yashushe. Viganja vilegee, kama umeshika yai.

Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida

Misuli kuuma pande zote mbili kesho yake, ukashuka ngazi kama bibi, ni kawaida. Itapita ndani ya siku mbili tatu. Maumivu ya upande mmoja, ya mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, au yanayokufanya uchechemee, hayo simama. Usiyamalizie "mzunguko mmoja tu". Ugoko ukiuma, rudi kwenye kutembea wiki moja au mbili. Kisigino kikichoma hatua za kwanza za asubuhi, nyoosha unyayo na shavu la mguu kabla hujashuka kitandani.

Kifua kubana, kizunguzungu, kukaribia kuzimia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti kwenda chini: acha, tafuta matibabu siku hiyohiyo. Kifua kikiendelea kubana hata ukiwa umepumzika, ni dharura ya saa ile ile.

"Utaharibu magoti" utalisikia kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuyaulizia magoti yako ulipokuwa umekaa. Uchambuzi mmoja wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha wana maungio yaliyosagika ya goti au nyonga, na asilimia 10.2 kwa wasiokimbia. Sikupi hizo namba kama kinga. Pengine wenye magoti mabovu waliacha mbio mapema. Lakini kukimbia kiasi hakumaanishi goti kuisha.

Kinachosaidia goti kweli ni misuli inayolizunguka. Mara mbili kwa wiki, nyumbani: kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi; simama kwa ncha za vidole ukishika ukuta, mara kumi na tano; lala chali, kunja magoti, inua makalio, mara kumi na mbili. Rudia mizunguko mitatu. Haifiki robo saa.

Mkojo

Tuseme wazi kwa kuwa wote tunanong'ona. Wengi wetu mkojo unatuponyoka kidogo tukikimbia, tukicheka au tukipiga chafya, hasa tuliozaa. Vaa pedi, vaa nguo nyeusi, na anza kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga: kaza kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia sekunde tano, legeza sekunde tano, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usifanye ukiwa katikati ya kukojoa. Mabadiliko huja kwa wiki nyingi, si kwa siku. Yasipokuja, au ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa wanawake. Na usipunguze kunywa maji kwa hofu hiyo: mkojo mkali huwasha kibofu, ukazidi kubanwa.

Macho ya watu, na mwenzako

Watakuangalia. Mmoja atapiga kelele kutoka kwenye gari, mwingine atakupongeza kwa sauti ya kumpongeza mtoto aliyemaliza uji. Cha pili kiliniudhi zaidi. Mwanzoni nilikuwa natoka alfajiri ili nisionekane, mpaka nikaona natafuta giza ambalo ni hatari kuliko kicheko. Chagua njia yenye watu na mwanga, mwambie mtu unakokwenda, na sikio moja libaki wazi.

Mwaka 1967 Kathrine Switzer alikimbia marathoni ya Boston akiwa na namba 261, na afisa wa mashindano akajaribu kumtoa kwa nguvu katikati ya njia. Wanawake walikuja kukubaliwa rasmi huko mwaka 1972, na marathoni ya wanawake ikaingia Olimpiki mwaka 1984. Hoja iliyotumika miaka yote hiyo ni kwamba mwili wa mwanamke hauwezi. Ukiambiwa sasa kwamba ni mwili *wako* hauwezi, ujue wimbo ni wa zamani. Mtafute Mirna Valerio, Mmarekani mwenye mwili mkubwa anayekimbia mbio ndefu kuliko marathoni, milimani, na umwone anavyocheka akiwa njiani.

Kisha tafuta mwenzako. Sisi tulianza wawili, tukafika saba, na tuna makubaliano machache. Aliye polepole zaidi ndiye anayeweka mwendo. Mwenye haraka akimbie mbele, kisha ageuke arudi kutufuata, asisimame kutusubiri na mikono kiunoni. Kilo hazitajwi. Hatuambiani "utapungua tu", tunaambiana "jana ulitembea kwenye kile kilima, leo umekipanda". Asiyekuja haulizwi kwa nini; anatumiwa ujumbe: "Shoga, kesho saa kumi na mbili, nakupitia." Hapo kwenye "nakupitia" ndipo panapomtoa mtu kitandani.

Mizani

Kwa makadirio, kukimbia kilomita moja hutumia kalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 100 anatumia kama 100, mwenye 55 anatumia kama 55. Kumbuka hilo unapopitwa: wewe ndiye unayefanya kazi kubwa kwa kilomita hiyohiyo. Lakini mbio peke yake mara nyingi hazipunguzi mwili sana, na anayekimbia kwa ajili ya mizani huacha siku mizani inapogoma. Andika vitu vingine: dakika ulizokimbia, umelalaje, presha ni ngapi, unapanda ngazi vipi. Na kula. Ukikimbia na njaa ili "kuongeza kasi ya kupungua", utaishia kizunguzungu.

Mbio za kwanza za kushiriki

Ukiweza kumaliza kilomita 5 kwa kuchanganya, jiandikishe mahali. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: muda wa mwisho wa kufunga njia, na kama kuna mtu anayetembea nyuma ya wa mwisho. Kama wanafunga baada ya dakika 45 na wewe unahitaji 55, si mbio zako hizo, tafuta nyingine. Fulana ya mashindano agiza saizi ya kiume, na ukiipata usiivae siku hiyo. Vaa nguo ulizokwisha kuzikimbilia mara tano, na mafuta yaleyale, mahali palepale.

Anza nyuma kabisa. Wote watachomoka, nawe utashikwa na tamaa ya kuwafuata. Kimbia kama unayesimulia habari za yule fundi. Na namba yako ibandike kwa pini nne, moja kila pembe, chini kidogo ya mkanda wa sidiria. Mimi mara ya kwanza niliweka mbili za juu tu, upepo ukawa unaipeperusha, na karatasi ikanichubua tumbo, mahali pekee nilipokuwa sijapaka mafuta.